Komeo na Upande wa Mazoezi

Stoo ile ilikuwa na milango miwili, madirisha manne yenye nondo, rafu ishirini na sita za chuma na mwanamke mmoja. Ukitaka kuvitaja kwa uzito wake, anza na mwanamke, kisha hivyo vingine upange utakavyo. Mafundi bomba walimwita Komeo, na usidhani walimpa jina hilo kwa mapenzi. Akishasema hapana, hata umletee baba yako mzazi na barua yenye muhuri, mlango haufunguki. Mafundi wenye mikono kama makoleo, watu wanaotukana tangu wanapoamka, wakifika kwenye dirisha lake dogo la kutolea vifaa walivua kofia na kuanza kuongea kama wachumba.

Duka lilikuwa la kuuza mabomba na vifaa vyake, na mwenye duka alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Watu wote walimwita Bosi. Komeo alimwita mdogo wangu, hata mbele ya wateja, hata siku alipovaa suti.

Aliingia pale miaka ishirini na mitatu nyuma, mjane wa mwaka mmoja, akapewa ufagio. Mwezi wa pili, akifagia chini ya rafu, aliona boksi lililoandikwa "elbo robo tatu" na ndani mna elbo za nusu inchi, vile viungo vya kona vya bomba. Akamwambia mtunza stoo wa wakati ule. Yule bwana akamjibu, "Wewe fagia." Naye akafagia kweli: alilifagia boksi zima kutoka stoo, akalipitisha uani na kuliingiza ofisini, akamwaga elbo mia mbili miguuni pa Bosi. Kabla mwezi haujaisha yule bwana alikuwa anatafuta kazi kwingine, na funguo zilikuwa kiunoni kwa Komeo.

Tangu hapo alikuwa na utaratibu mmoja ambao madereva wa mizigo waliulaani mchana kweupe. Komeo haandiki kitu ambacho mkono wake haujakigusa. Zikija elbo mia tano, atazigusa mia tano. Karatasi ya mzigo ikisema mia tano, ataikunja na kuikalia mpaka amalize kugusa. Na bomba likishakatwa, kwake si bomba tena. Ni kipande, na vipande vina ukurasa wao. Wangapi duniani wana ukurasa wa vipande? Tafuta, ukimpata mwingine umlete.

Sasa, Bosi alikuwa na binti. Mtoto wa kwanza, msomi, kidomo kikali, kucha ndefu zisizojua kubeba. Alirudi nyumbani na diploma ya uongozi wa biashara, akaitundika ofisini juu ya chupa la maji ya kunywa, mahali ambapo mtu hawezi kumeza funda bila kuisoma. Komeo akamwita Diploma siku hiyohiyo, na jina likashika kuliko gundi. Alisema amekuja kusaidia. Wiki ya kwanza akahamisha kalenda. Wiki ya tatu akahamisha meza ya baba yake. Mwezi wa pili akahamishia macho stoo.

Waliitana ofisini watu watatu, mlango ukafungwa.

"Shangazi," alianza Diploma, amekaa, shangazi mtu amesimama. "Kuanzia mwezi ujao hakuna madaftari."

"Yatakwenda wapi?"

"Makumbusho."

"Na mimi?"

Bosi alikohoa. Alikuwa mtu mkubwa mwenye kifua cha mcheza mieleka, lakini akiwekwa kati ya dada yake na binti yake alipungua mpaka shati likamlegea. "Dada, tumenunua programu ya kusimamia biashara. Vitu vyote vinaingia kwenye kompyuta. Kinachoingia na kinachouzwa na kilichobaki. Sasa tunafikiri... umechoka. Ungepumzika."

Kati ya maneno yote ya Kiswahili, hilo la kupumzika ndilo lililomchoma Komeo kuliko tusi la nguoni. Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga, televisheni inayopiga chafya, na binti wa pekee aliyeolewa mbali. Kupumzika kwake kulikuwa ni kukaa kwenye kiti akisikiliza jirani akigombana na mumewe. Stoo ndiyo iliyomfanya aamke.

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Kompyuta huiwezi, shangazi," Diploma akadakia. "Tusidanganyane. Simu yenyewe unaishika kama kikombe cha uji wa moto."

"Nimekuogesha kwa mikono hiihii, na wewe ulikuwa unateleza kuliko simu."

Bosi akapiga meza kabla hayajafika kwenye nepi. Na kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kuamua, akafanya wanachofanya watu wa aina yake: akatunga mashindano. Programu itaanza kazi rasmi Jumatatu ya wiki ya tatu. Kila mmoja aingize vitu vya stoo kwenye kompyuta. Siku hiyo, yule ambaye stoo yake ya ndani ya kompyuta itafanana na stoo ya kwenye rafu ndiye atakayeshika funguo. Mwingine hatashika.

"Na nikishindwa?" Komeo akauliza.

"Utapumzika, dada."

"Nikishinda, yeye atapumzika?"

Bosi akainuka kufungua mlango.

Waliouza programu walimleta mkufunzi, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima na kitambulisho kilichomlalia juu yake. Alikuwa na neno moja analolipenda, nalo ni "rahisi". Alilitia kila mahali kama chumvi.

"Mama, huu mfumo ni rahisi. Hata mtoto wa darasa la pili anauweza."

"Basi nenda ukamfundishe yeye. Mimi nina kazi."

Diploma alicheka, akarudi kwenye simu yake. Yeye alishatengeneza akaunti zote kabla mkufunzi hajafika. Ya kwake aliiita Msimamizi. Ya shangazi yake aliipa ruhusa ndogo sana, na hakumwambia mtu ni ndogo kiasi gani.

Mkufunzi akaeleza kuwa programu ina pande mbili. Kuna upande wa kazi, ambao ndio duka lenyewe, na upande wa mazoezi, wa kuchezea, ambao ukikosea hakuna kinachoharibika. "Bidhaa ina jina, kipimo, idadi na mahali ilipo. Tuanze. Hapa mazoezini andika chochote. Andika una tembo elfu moja."

"Sina tembo."

"Mfano tu, mama."

"Unataka niandike kitu ambacho sina?"

"Kwa mazoezi."

"Yule niliyemrithi stoo hii alifanya mazoezi hayo miaka sita."

Mkufunzi akatoa kitambaa akafuta miwani. Komeo akainuka, akaenda stoo, akakaa huko dakika arobaini. Aliporudi akaketi, akanyoosha vidole viwili kama mtu anayetaka kutoboa macho ya adui, akaandika: elbo nusu inchi, moja moja, mia tatu na kumi na mbili, rafu ya kwanza. Akabofya Hifadhi. Kompyuta ikasema imehifadhi. Akaitazama kwa dharau, kama kwamba alitegemea ibishe.

Kipanya kilimsumbua siku mbili. Kilikuwa kinakimbia mpaka ukingoni mwa meza na mshale haujafika popote. Alikitukana kwa sauti ya chini, akakikamata shingo, siku ya tatu kikatii. Na kwenye kile kisanduku cha kipimo aliuliza swali lililomfanya mkufunzi aache kutafuna: "Soketi za kuungia mabomba huja kwa boksi, lakini fundi huchukua moja moja. Nikiandika kumi na mbili, mtu atajuaje ni boksi au ni soketi?"

"Swali hilo wengi hawaulizi, mama."

"Wengi hawana stoo."

Diploma hakusikia. Alikuwa anajipiga picha na kile cheti cha ukutani.

Mkufunzi alimaliza asubuhi zake tatu akaondoka, na vita ikabaki ya ndugu. Diploma alichukua faili la karatasi za mizigo la mwaka mzima, akakaa chini ya feni, akaanza kunakili: kilichoandikwa kuingia, kutoa kilichouzwa, basi. Siku mbili akamaliza, akaanza kupaka kucha. Stoo yenyewe hakuikanyaga. Alisema ina vumbi.

Komeo alianzia rafu ya kwanza. Aina elfu moja mia moja na nane. Kila asubuhi aliweka kompyuta ndogo juu ya pipa, akagusa, akahesabu, akarudi, akaandika kwa vidole viwili, akahifadhi. Koki, valvu, elbo, tii, mabomba mazima ukurasa wake, vipande ukurasa wake. Mgongo ulimlia. Magoti yalimpigia kelele kama bawaba za geti. Mafundi walipogonga dirishani aliwaambia wasubiri, na walipouliza anafanya nini aliwajibu anahamisha stoo, wakachungulia na kuona kila kitu kipo palepale, wakadhani mama wa watu anaanza kuchanganyikiwa.

Juu kabisa ya skrini yake kulikuwa na mstari wa njano, na katikati ya mstari neno moja la herufi kubwa: MAZOEZI. Aliliona kila siku. Alikuwa na macho mazima na kusoma anajua. Lakini alilielewa kwa namna yake. Umeona lile gari la shule ya udereva, lina kibao nyuma kinachosema mwanafunzi? Kibao kile kinamsema dereva. Barabara ni ya kweli, na ukimgonga mtu umemgonga. Ndivyo alivyoelewa: mstari wa njano unamsema yeye, kwamba bado anajifunza, na wala hakuona aibu. Vitu alivyoandika vilikuwa vya kweli, amevigusa mwenyewe. Ingewezekanaje kitu cha kweli kiwe cha mazoezi? Katika stoo ile mazoezi hayakuwahi kuwepo.

Na Diploma alikuwa anapita. Hapo ndipo pa kukasirikia, kama una damu. Alipita siku ya pili, ya tano, ya nane. Akasimama nyuma ya shangazi yake, akauona mstari wa njano, akauona mgongo uliopinda, akauliza kwa sauti ya asali:

"Unaendeleaje, shangazi?"

"Niko rafu ya kumi na saba."

"Vizuri sana. Endelea hivyohivyo."

Akaondoka akitabasamu. Komeo, aliyewahi kumkamata dereva mwongo kwa kumtazama viatu tu, safari hii alidhani ni tabasamu la mtu aliyesalimu amri.

Ijumaa mchana alifika rafu ya ishirini na sita. Akagusa kifuniko cha mwisho, akahifadhi, akafunga kompyuta, akanunua chai ya maziwa akainywa amesimama, kama bwana harusi.

Jumamosi asubuhi akafungua. Mstari wa njano ulikuwepo. Chini yake, pale palipokuwa na mistari elfu moja mia moja na nane, palikuwa peupe, na katikati ya weupe kompyuta ilimwandikia kwa furaha: "Karibu! Bado huna bidhaa. Ongeza bidhaa yako ya kwanza."

Alidhani amefungua vibaya. Akafunga, akafungua. Karibu! Bado huna bidhaa.

Aliingia ofisini bila kubisha.

"Umefanya nini?"

Diploma hakuinua kichwa. "Nimesafisha mazoezi. Mwongozo unasema kabla ya kuanza rasmi, mazoezi yote yafutwe."

"Yale hayakuwa mazoezi."

"Yameandikwa juu kabisa, shangazi. Kwa njano. Kwa herufi kubwa."

"Ulinipita mara tatu. Uliona."

"Niliona." Sasa akainua kichwa. "Sikuulizwa."

Diploma alitafuta mlango kwa macho, akakuta shangazi yake amesimama mbele yake.

"Ungekuwa mwanangu," Komeo alisema polepole, "ningekuchapa. Lakini wewe si mwanangu, wewe ni karani."

Akampigia mkufunzi. Mkufunzi akasema pole, akasema kilichofutwa mazoezini hakirudi, akasema nilikueleza mama, nilikwambia hata tembo... "Sina tembo!" Komeo akamkatia simu masikioni.

Akamfuata Bosi uani, alikokuwa anajifanya kukagua matairi ya gari.

"Mdogo wangu, binti yako amenifutia stoo."

"Nimesikia, dada. Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya ina kucha nyekundu?"

"Dada, Jumatatu ni Jumatatu. Nilishasema. Nikianza kubadilisha..."

"Nilikubeba mgongoni miaka mitatu. Ulinikojolea miaka mitatu. Sikuwahi kukwambia Jumatatu ni Jumatatu."

Bosi akainama, akachunguza tairi lililokuwa zima kabisa.

Jumapili Komeo alipiga pasi gauni lilelile mara tatu. Alipiga hesabu kama angeweza kugusa aina elfu na ushei kabla ya asubuhi, akaona haiwezekani, akaipa pasi mara ya nne.

Jumatatu ikaja na jua kali na fundi mkuu wa bweni lililokuwa linajengwa ng'ambo ya barabara kuu. Alikuwa mteja mkubwa, mfupi, mwenye sauti ya honi. Alileta orodha ya vitu kumi na saba na pikapu mbili zikiunguruma nje. Bosi alimpokea kwa mikono miwili. Hakuna siku nzuri kuliko hiyo ya kuonyesha programu mpya.

Diploma akaketi, kucha zikadundadunda kwenye kibodi, printa ikatema karatasi. "Kumi na sita vipo. Soketi mia tatu za robo tatu ndizo hatuna, zimebaki kumi na mbili tu. Dakika kumi, fundi, na huku tutakuwa tumemaliza."

"Dakika kumi!" Bosi akarudia, akamtazama fundi kama aliyezaa kompyuta mwenyewe.

Karatasi ikapelekwa dirishani. Komeo akaisoma, akaisukuma nje ileile ilivyokuja.

"Ingia uchukue mwenyewe. Stoo yako hiyo."

Diploma akaingia. Bosi akafuata. Fundi mkuu naye akafuata, maana harufu ya ugomvi haimwachi mtu nje. Komeo akakaa juu ya pipa, mikono kifuani.

Karatasi ilisema mabomba ya inchi moja ni sitini. Diploma akahesabu akapata arobaini na moja. Akarudia. Arobaini na moja.

"Mengine yako wapi?"

"Yamekatwa."

"Yamekatwa na nani?"

"Na msumeno."

Karatasi ilisema geti valvu nane. Rafuni palikuwa na tatu. Tano zilirudishwa kiwandani meno yameharibika, na karatasi ya kurudisha ilikuwa kwenye daftari, lile la makumbusho. Koki za ukutani karatasi ilisema thelathini, zikapatikana kumi na nane, maana mzigo wa mwisho uliandikwa kamili ukaja pungufu, na aliyegusa aligundua, na aliyenakili hakugundua. Fundi mkuu alianza kuhema.

"Mimi nina watu tisa wamekaa kwenye mtaro wanasubiri bomba! Hili ni duka au ni bahati nasibu?"

"Subiri kidogo, fundi," Diploma akasema, ameegemea ukuta wa maboksi, jasho linamteremka shingoni. "Hata hizo soketi nita..."

"Umeegemea nini?" Komeo akauliza kutoka kwenye pipa.

"Nini?"

"Hapo mgongoni. Soma."

Akageuka. Soketi, robo tatu. Maboksi kumi na mawili. Kila boksi hamsini.

"Umeandika kumi na mbili," Komeo alisema, "na kompyuta ikakuamini, haina mikono. Mtu anataka soketi mia tatu, umemwambia hakuna, na mia sita zimekushikilia usianguke."

Fundi mkuu akaangua kicheko kibaya, cha mtu mwenye hasira. Bosi akageuka rangi. Duka lake lote lilikuwa kwenye uso wa yule mteja, linafunga virago.

"Dada, tusaidie."

"Mimi? Mimi niko mazoezini."

"Dada, tafadhali."

"Nataka upande wa kazi. Sasa hivi, kwenye kompyuta hii."

Diploma akaichukua kompyuta kwa shingo upande, akabofyabofya, akairudisha. Komeo akaitazama. Mstari wa njano haukuwepo. Akajaribu kuandika idadi, ikakataa. Akaangalia juu pembeni, akasoma neno dogo la kijivu.

"Hapa pameandikwa Mtazamaji. Nimefundishwa asubuhi tatu, karani, sikuwa nimelala. Mtazamaji anaona kila kitu na hashiki kitu. Nipe ya kushika."

"Baba, akipewa hiyo hakuna mwingine anayeweza kutoa kitu stoo bila yeye kuidhinisha!"

"Ndiyo," Komeo akasema. "Ndiyo hiyo."

Nje pikapu moja ilipiga honi. Bosi alimtazama binti yake, akamtazama dada yake, akamtazama fundi mkuu aliyekuwa ameshatoa simu kutafuta duka jingine.

"Mpe," akasema.

Akapewa. Na hapo, kama ulidhani Komeo ni mtu mwenye huruma aliyekuwa akionewa tu, pole yako. Alichukua orodha, akaanza na namba ya kwanza, akaenda rafuni, akagusa, akahesabu, akarudi, akaandika kwa vidole viwili, akahifadhi, akamtolea fundi. Namba ya pili vilevile. Hakukimbia hata hatua moja. Bosi alibeba mabomba kwa mkono wake, suti na vyote. Alipofika kwenye soketi, akamnyooshea Diploma kidole.

"Shusha maboksi sita. Hesabu. Kwa sauti."

"Kila boksi lina hamsini, limeandikwa!"

"Na mimi niliandikiwa mazoezi. Hesabu."

Diploma akachuchumaa, ukucha wa kwanza ukavunjika kwenye boksi la pili. "...mia moja na sita, mia moja na saba, mia moja na nane..."

"Umeruka."

"Sijaruka!"

"Umeruka. Anza upya."

Fundi mkuu alimnong'oneza Bosi kwamba hajaruka, yeye alikuwa anafuata. Bosi akamwambia anyamaze kama anataka soketi zake.

Lisaa limoja na robo. Vitu kumi na vinne vikatoka kamili, vitatu pungufu lakini Komeo alijua ni pungufu kwa kiasi gani, na siku gani vitakuja. Fundi mkuu akaondoka akilaani, pikapu zimejaa. Kulaani huku umejaza pikapu si kuhama duka, Bosi alilijua hilo akashusha pumzi.

"Stoo ni ya dada," alisema. Hakumtazama yeyote.

"Baba, mimi ndiye niliyeileta hii programu!"

"Na mimi ndiye niliyeileta hii shingo," Komeo akajibu, "na imeuma siku tisa."

Hakuna aliyeomba msamaha. Usisubiri. Diploma alirudi ofisini akatangaza sheria: kama ni programu, basi iwe programu kweli. Mtu wa mbele hataongea na stoo kwa mdomo. Atatuma ombi kwenye kompyuta, stoo itaidhinisha au itakataa, na ikikataa itaandika sababu. Alidhani anamchimbia mtu shimo. Komeo alisema sawa, kisha akatumia wiki tatu kuigusa stoo yote upya na kuiingiza upande wa kazi, aina elfu moja mia moja na nane, na hakumruhusu mtu kupita nyuma ya mgongo wake.

Kile kisanduku cha sababu alikipenda kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na mwanadamu. Wenye programu walikiweka kwa ajili ya maneno mawili matatu: imekwisha, imeharibika. Komeo alikijaza mpaka pembeni. Mwisho wa mwezi Bosi alibofya mahali pasipomhusu, printa ikatoa ripoti ya maombi yaliyokataliwa, kurasa nne. "Umeomba inchi moja na nusu, mteja ameshika inchi moja mkononi, namuona hapa." "Hiyo haina maana katika lugha yoyote." "Andika tena ukiwa umekula." Alizisoma zote amefunga mlango, akazichana vipandevipande, akaenda kukagua matairi.

Komeo na Diploma wanapita uani hawatazamani. Huyu ana ofisi, cheti, feni na jina la Msimamizi. Yule ana rafu ishirini na sita. Kati yao kuna hatua thelathini na waya wa kompyuta, na duka linakwenda, tena linakwenda vizuri, jambo linalowakera wote wawili.

Juzi asubuhi alikuja mteja mzee mwenye koki moja iliyofungwa kwenye gazeti. Komeo alimuona kupitia nondo. Dakika moja baadaye ombi likalia kwenye kompyuta yake: tepu ya kuzibia, kumi.

Akabofya Kataa. Sababu: "Mteja ana koki moja. Tepu kumi za nini, anafunga kidonda?"

Ombi likarudi, tepu ya kuzibia, kumi, na chini yake maelezo: "Amesema kumi. Si kazi yako kuuliza."

Komeo akanyoosha vidole vyake viwili. Kataa. Sababu: "Ndiyo kazi yangu."

Akahifadhi, akaenda rafu ya kumi na tisa, akamchukulia yule mzee tepu moja.